Kompyuta ya Bi Khairiya na Boriti ya Nne

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili. La, nimekosea. Ishirini na mbili ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kuta za mtaa wetu wa Kibokoni zilikuwa zimebandikwa nyuso mpya za watu wanaocheka. Asubuhi ninayoikumbuka mimi, nyuso zile zilikuwa zishapigwa na jua, nyingine hazina pua, nyingine zimebaki meno tu. Basi ni ishirini na tatu, na ilikuwa baada ya Idi ndogo, maana Bi Khairiya alinipa visheti vilivyokuwa vishaanza kulainika.

Mimi ni mtu wa kutembea. Skuli niliiacha darasa la tano nikaenda kuchanganya chokaa, na nyumba za Mji wa Kale nimezitengeneza nyingi, dari kwa ukuta. Siku hizi mikono haina kazi, kwa hivyo miguu ndiyo inayofanya. Natoka kwangu asubuhi, nazunguka, nasalimia, nafika mpaka ufukweni Mama Ngina kutazama watu, narudi. Na kila siku nilikuwa nikipita kwa Bi Khairiya.

Alikuwa mpiga chapa wa mawakili miaka thelathini na moja. Alipostaafu alinunua kompyuta akaiweka ukumbini, na watu wakamfuata nyumbani. Mwenye kuomba kazi, mwenye kuandika wasia, mwanamke anayemshitaki mumewe kwa kadhi, wote walikaa kwenye kile kiti cha mkeka wakamsimulia, naye akapiga kwa vidole vyote kumi huku macho yake yako barabarani. Hakuangalia herufi hata moja. Na hakutoa neno nje. Mjini walisema kumwambia Bi Khairiya ni sawa na kuliambia kaburi, ila kaburi halina kahawa.

Kompyuta ile aliitunza kama bi arusi. Aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na Alhamisi aliifukiza udi pamoja na nguo. Waya zake hazikupita chini. Kila Ijumaa asubuhi nyumba ile ilioshwa kwa ndoo za maji, sakafu nzima, kama walivyofanya mama yake na bibi yake, na maji na umeme si ndugu. Kwa hivyo printa aliiweka juu ya kabati, na waya wake akaupandisha darini, ukapigiwa msumari kwenye boriti, ukavuka ukumbi, ukashuka nyuma ya kompyuta. Ulikaa kama kamba ya chandarua. Wageni walikuwa wakiinama kidogo wanapopita, hata wafupi.

Siku hiyo nilipobisha hodi, hakunijibu upesi.

"Sabalkheri, Bi Khairiya."

"Sabalkheri, kaka Faiz. Ingia, lakini usiseme kitu. Sikiliza."

Nikakaa. Nikasikiliza. Nilisikia mkokoteni ukipita nje, na juu kabisa, kwenye sakafu ya wazi ya paa, mtu akifikicha nguo kwenye beseni.

"Nasikiliza nini?"

"Nyamaza, wewe. Ikilia utaijua."

Haikulia. Akanieleza kwa sauti ya chini, mkono mdomoni. Kwa wiki mbili kompyuta ilikuwa ikilia peke yake. Milio miwili. Mmoja unapanda, ti-ting, kama mtu anayebisha. Mwingine unashuka, ting-ti, kama mtu anayeondoka. Hailii yeye akiwa mbele yake. Hulia asubuhi akiwa jikoni, saa nne hivi, anapokuna nazi. Anasikia mlio, anaacha mbuzi ya kukunia na nazi yake, anakuja mbio na machicha mikononi, hakuna mtu.

"Na mtu gani mwengine yumo nyumbani saa hiyo?" nikauliza.

Akainua kidevu kuonesha juu.

Juu walikuwako watu wawili. Ghorofa ya kwanza alilala nduguye, Mzamil, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye tagi za bandari, zile boti za kuvuta meli. Mwaka wa kwanza wa korona aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Daktari alimwambia baada ya miezi sita utatembea, lakini miaka mitatu ilipita naye yuko kitandani. Na juu zaidi, kwenye sakafu ya paa, alikuwako Mutanu, mwanamke wa Mwingi huko bara, aliyekuja kumhudumia. Ndiye aliyemlisha, aliyemgeuza, aliyemuosha, na katikati ya hayo akafua nguo za nyumba nzima.

"Mutanu?" nikasema. "Miaka mitatu yuko nawe."

"Mwizi wa siku moja huiba kuku, kaka. Wa miaka mitatu hungoja." Akanisogelea. "Unajua barua ya mke wa yule muuza vitambaa? Ile ya kwa kadhi? Niliipiga Jumatatu ya juma lililopita. Alhamisi mji mzima unaijua, mpaka kiasi cha sahani alizovunja. Imetoka wapi? Kwangu haikutoka."

Nilijua ilikotoka. Mwenye barua mwenyewe aliwasomea dada zake wanne kwenye arusi, na dada mmoja angetosha. Lakini mimi sipendi kubeba maneno ya baraza, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na sijalisahau.

"Siku ya Ijumaa nitamrudisha kwao," akasema. "Barua ya kumuachisha nishaipiga. Nataka kuitoa kwa printa, printa haitaki. Leo siku ya tatu. Kwa nini barua zote zitoke, ya kwake igome?"

Hapo niseme kweli, hata mimi shaka iliniingia.

Alikuwa amekwisha kumwita fundi. Bramwel, Mluhya mpole aliyepanga nyumba ya pili, alitengeneza kompyuta za afisi moja ya malori huko Shimanzi. Alirudi alasiri hiyo hiyo kuendelea, nami nikabaki kutazama. Alivua viatu mlangoni, akakunja kitambaa cheupe kwa adabu, akakaa.

"Mama, virusi hakuna," akasema baada ya muda. "Na mashini hii ina kumbukumbu yake. Inaandika kila kitu. Angalia hapa. Jana saa nne na dakika kumi na mbili printa imechomolewa. Ikachomekwa. Dakika kumi na tatu ikachomolewa tena, ikachomekwa. Huo ndio mlio unaosikia."

"Imechomolewa na nani?"

"Haiandiki jina, mama."

"Basi kumbukumbu gani hiyo?"

Bramwel akacheka, kisha akaona kuwa hakuna mwengine anayecheka. Akauchomoa waya nyuma ya kompyuta, akauangalia ncha, akanionesha. Ulikuwa umeota kutu ya kijani. "Chumvi ya hewa. Hapa umelegea, ukiguswa kidogo tu unaachia, na barua yoyote hukwama. Nitauhamisha tundu jingine, ingawa yote ni yale yale. Lakini waya haujigusi, mama. Kuna kitu kinaugusa."

"Umesikia?" Bi Khairiya akanigeukia. "Kuna mtu anaugusa. Anatoa waya wa printa, anatia flashi yake, ananyonya barua za watu, kisha anarudisha."

"Mama, hakuna flashi iliyoingia. Ingeonekana hapa."

"Ndio ujanja wenyewe huo."

Bramwel akanitazama, nami nikatazama miguu yangu. Mutanu alikuwa ameshuka na kapu la nguo kavu, amesimama mlango wa ngazi. Alisikia yote.

"Mama, mimi hiyo mashini sijashika," akasema. "Hata kuiwasha sijui."

"Sijakutaja, mimi."

"Hujanitaja lakini unaniangalia."

"Ninaangalia nguo zangu."

Mutanu akaziweka nguo juu ya kiti, taratibu, akarudi juu. Nilimfuata kwa macho. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito, na kila alipokanyaga ngazi ile ya mbao, ngazi ililia. Nikawaza, mtu wa uzito ule atashukaje hapa saa nne asisikike? Lakini shaka ikishaingia haitaki hesabu. Nikajijibu, labda huvua viatu.

Siku ya pili nikapita mapema. Bi Khairiya alikuwa ameweka mtego. Alikuwa amemwaga podari ya watoto mbele ya meza ya kompyuta, upana wa mkeka wa kusalia, nyepesi, ili atakayekanyaga aache unyayo. Kompyuta yenyewe iliwaka chini ya kitambaa chake. Akanikalisha nje barazani nisionekane, akaenda jikoni.

Nikaanza kusikia mbuzi. Kwaru, kwaru, kwaru. Nazi katika nyumba ile hakuna aliyeikuna ila yeye, kwa sababu alisema mikono mingine hufika mpaka kwenye kifuu, tui likatoka jeusi. Kwaru, kwaru. Halafu, ndani, ting-ti. Kimya kidogo. Ti-ting.

Nikaingia kwa haraka ya mzee, naye akatokea upande wa pili na machicha viganjani. Tukaitazama podari. Ilikuwa nzima, hata mjusi hakupita.

"Bismillahi," akasema. Akarudi nyuma hatua moja. "Basi ni nani huyu asiyekanyaga?"

"Usianze hayo."

"Sianzi. Jirani ashaanza. Ameniambia nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe hapendi mitambo." Kisha macho yake yakapanda ngazi. "Au amejifunza kuruka. Na hii nini? Podari imefikaje juu ya kitambaa?"

Kweli. Juu ya kile kitambaa cheupe palikuwa na unga mweupe zaidi. Haukutapakaa. Ulikaa mstari, kama uliochujwa kwa pindo la nguo. Nikaugusa kwa kidole, nikautia ulimini.

"Faiz! Unaramba podari?"

"Podari haiumi," nikasema. "Hii inauma ulimi. Hii ni chokaa."

Watu wa kazi yangu chokaa wanaijua kwa ulimi, kama mpishi anavyoijua chumvi. Nikainua macho. Darini, juu ya mstari ule, ilipita boriti moja, ya nne kutoka mlangoni. Ndiyo iliyopigiwa msumari wa waya. Nyumba hizi, boriti zimelala, juu yake mawe na chokaa, na juu ya hapo ndiyo sakafu ya ghorofa. Boriti ikizeeka inalegea kwenye kitanda chake. Ukikanyagwa upande wa juu, upande wa chini unatema unga. Nimetibu boriti za namna hiyo maisha yangu yote, na jana yake nilikuwa nimekaa chini ya ile nikisaka mwizi.

Nikachukua ufagio wa dari, nikaisukuma boriti kwa mpini, kidogo tu. Waya ukatikisika. Ting-ti, ikasema kompyuta. Nikaachia. Ti-ting.

Bi Khairiya akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha mkeka, ambacho sijapata kumuona akikikalia.

"Juu ya hapo pana nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Chumba cha Mzamil."

"Kitanda chake kiko wapi?"

"Kiko ukutani, upande wa ngazi. Hapo ni katikati. Baina ya kitanda na dirisha." Akanitazama. "Ni Mutanu akipita kumhudumia. Ndiye mwenye uzito."

"Saa nne Mutanu yuko juu sakafuni anafua. Tulimsikia jana."

"Tulisikia maji."

Bado shaka ilikuwa haijamtoka. Nikamwambia tujaribu kesho mara moja tu, na Mutanu awe hapa mbele ya macho yetu. Ikilia na yeye yupo, Mutanu abaki. Isipolia, barua yake itoke. Akakubali. Kesho yake ilikuwa ndiyo Ijumaa aliyoipanga, na mfuko wa Mutanu ulikuwa ushafungwa, umesimama chini ya ngazi. Aliufunga mwenyewe bila kuambiwa.

Saa nne nikamkalisha Mutanu kwenye kiti. Bi Khairiya akaenda jikoni akaanza kukuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mutanu alikuwa ameweka mikono mapajani, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye boriti.

Unga ukashuka. Mwembamba, kama moshi unaorudi chini.

Ting-ti.

Mutanu hakushituka. Hilo nililiona. Mtu akiwa chumbani na mashini ikalia peke yake, japo kope hupepesa. Yeye alifunga macho tu, polepole.

Ti-ting. Kisha boriti ya tano ikatema unga. Kisha unga ukakoma, mahali pale ambapo juu yake lingekuwa dirisha.

Jikoni mbuzi ikaacha kukwaruza. Bi Khairiya akaja mpaka mlangoni. Alimuona Mutanu kwenye kiti, akaona unga hewani. Juu yetu unga ukashuka tena, wa boriti ya tano, kisha ya nne, haraka haraka, na kompyuta ikalia milio yake miwili kwa pamoja. Halafu kitanda kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

Hapo niwaeleze jambo la nyumba ile, ambalo kila mtu mtaani alilijua. Haikuwa ya Bi Khairiya peke yake. Ilikuwa ya urithi, yake na Mzamil na wana wa ndugu yao marehemu, Sheikhan. Wana wale wako Maskati, na walikwisha kupata mnunuzi. Wakati wa kikao cha ukoo wazee walisema neno moja, na vijana wakaliheshimu: nyumba haiuzwi juu ya kitanda cha mgonjwa. Ami Mzamil akisimama, tutauza. Kila Idi walipiga simu kuuliza, ami amesimama? Bi Khairiya akajibu, bado, muombeeni.

Sasa alikuwa anajua kwamba amesimama. Na alikuwa anajua anasimama lini. Ndugu yake alingoja sauti ya mbuzi ndipo ashushe miguu, kwa sababu mwenye kukuna nazi hasikii hatua.

Alikwenda akazima kompyuta. Kisha akaiwasha tena, akakaa, akaitafuta barua ya Mutanu, akaifuta mbele yetu, akidonoa kwa kidole kimoja kama mtu asiyejua kuchapa.

"Mutanu."

"Mama."

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Hakuna neno, mama."

"Lipo. Rudisha mfuko wako juu." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ile ya afisini. "Kaka Faiz, ung'oe ule msumari. Waya upitishe ukutani. Na wewe hukuona kitu."

"Mimi macho yangu mabovu," nikasema.

Niliung'oa msumari, nikaupitisha waya ukutani juu kwa juu mbali na maji. Bramwel akaleta waya mpya. Kompyuta haikulia tena mpaka mwisho.

Kabla ya kuondoka siku ile nilipanda kumjulia hali mgonjwa. Mzamil alikuwa amelala chali, shuka mpaka kifuani, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Faiz! Umenenepa, yakhe. Kutembea kote huko, unakwenda kula tu."

"Na wewe waonaje hali?"

"Hivi hivi. Mguu umekufa. Basi yule muuza kahawa naye, amehamishia jiko lake upande wa kivuli, sasa moshi wote unaingia humu."

Nikatazama dirisha. Ukiwa kitandani pale huoni ila mbingu na waya za stima. Muuza kahawa alikuwa amehama asubuhi ile.

"Moshi ni kitu kibaya," nikamwambia.

"Kibaya sana," akasema, na akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama nyayo zake zilizotokeza nje ya shuka. Zilikuwa safi.

Tangu siku hiyo Bi Khairiya alikuna nazi muda mrefu zaidi. Wateja waliona wali wa nyumba ile umezidi tui. Mzamil alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, kitandani mwake, na watu wakasema maskini, miaka yote hiyo hakukanyaga chini. Nyumba ikauzwa. Bi Khairiya anakaa Kisauni kwa mpwa wake, kompyuta anayo, bado imefunikwa. Mutanu karudi Mwingi. Kwa kuwa wote wametawanyika ndiyo maana naandika.

Lakini ile Ijumaa, niliposhuka kutoka kwa Mzamil, nilikutana na Mutanu kwenye ngazi. Alikuwa na beseni la maji aliyomuoshea mgonjwa miguu, maana alimuosha kila siku, kabla na baada ya chakula. Maji yale yalikuwa meupe, na chini yametuama unga ambao mimi sihitaji kuuramba kuujua. Nikamuuliza pale, akahamishia beseni upande wa pili wa kiuno akapanda. Nikamuuliza tena kwenye matanga, akanipa kikombe cha chai. Mwezi uliopita nimempigia simu Mwingi, nikauliza mara ya tatu, akaniambia mvua zimekuwa nzuri. Swali langu ni hili tu: Mutanu, mfuko wako ulikuwa ushafungwa, unaitwa mwizi katika nyumba uliyoitumikia miaka mitatu, na neno moja lingekuokoa; kwa nini hukulisema?